Levo 15 sio levo 5 yenye namba kubwa

Nilikuwa nimeandaa jangwa la kuchezea Dungeons & Dragons, ile gemu ya mezani ambayo kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na mhusika anapanda levo, yani ngazi za nguvu, kadri hadithi inavyoendelea. Mi ndo DM, msimulizi na mwamuzi wa meza. Na sio jangwa la kuchora mistari kwenye karatasi afu basi, nilikuwa na visima vitatu ambavyo kimoja kina sumu, msafara wa wafanyabiashara ambao nusu yao ni wezi, dhoruba ya mchanga yenye jedwali lake la dadu, na magofu katikati ya njia ambayo nilijua kabisa yatakula vikao viwili au vitatu, yani wiki nzima jioni naandika tu. Wachezaji wamefika mezani, nimesoma utangulizi wangu kwa sauti ile ya kutisha, nikawaambia mji wa mfalme mfu uko ng'ambo ya jangwa, mwendo wa wiki tatu, na wengi waliojaribu hawakurudi.

Kimya kidogo. Alafu mchezaji wa mchawi, mhusika wake anaitwa Babu Radi, levo 13 na alikuwa ameifikia kikao kilichopita tu, akauliza, "Kile kigae alichotuletea mjumbe mwezi uliopita, si alikitoa huko huko mjini?"

Nikasema ndio.

"Basi nashika kigae, nateleporti na wote."

Teleporti ni uchawi wa kuhama papo hapo, ndani ya gemu hiyo ni kama sekunde 6. Jangwa kwisha. Na kanuni ziko upande wake, maana ukiwa na kitu kilichotoka sehemu unayoenda ndani ya miezi sita hukosei njia, na inabeba hadi watu wanane. Sasa mi badala ya kumeza mate nikafanya kile ambacho DM wengi tunafanya tukibanwa. Nikasema mji umezungukwa na uchawi wa kale unaozuia teleporti. Hiyo sentensi haikuwepo kwenye notisi zangu na kila mtu pale mezani alijua haikuwepo. Jamaa hakubisha. Aliangalia karatasi yake, ile yenye uwezo wote wa mhusika wake, akauliza kwa upole kabisa, "Sasa mi nilipanda levo za nini?"

Swali hilo limenikaa kichwani muda mrefu kwa sababu ni swali la haki na sikuwa na jibu.

Ukikaa na watu wanaocheza Dungeons & Dragons au gemu za ukoo huo, malalamiko kuhusu levo za juu ni yale yale. Namba zimekuwa kubwa mno, pambano moja linakula usiku mzima, mazimwi hayawawezi wachezaji, wachawi wamezidi, DM hawezi kuandaa kitu kikadumu. Ndo maana kampeni nyingi, yani zile hadithi ndefu za vikao vingi, zinakufa kabla hata ya levo 10, na zile kampeni za kununua zilizoandikwa tayari nyingi zinaishia huko huko karibu na 10 au 11. Yote hayo yana ukweli ila mi naona ni homa tu, sio ugonjwa. Ugonjwa ni kwamba tunaendesha levo 15 kwa maswali ya levo 5. Je mtafika? Je mtamjua mhalifu? Je mtatoka mkiwa hai? Mhusika wa levo 15 hayo maswali alishayajibu zamani, na majibu yako kwenye karatasi yake, ameyaandika kwa penseli mbele ya macho yako wewe DM huku unamwambia hongera umepanda levo.

Hebu fikiria hadithi ya kawaida ya hizi gemu inashikiliwa na nini. Inashikiliwa na umbali, na kutojua, na kifo. Hizo ndo kufuli zake. Hazina iko mbali, hujui nani ameiba, na ukikosea unakufa. Chukua kanuni za D&D za 2014, ambazo ndo watu wengi wanazijua. Levo 5 tu kuhani anaweza kumrudisha mtu aliyekufa ndani ya dakika moja iliyopita, mradi ana almasi za thamani ya dhahabu 300. Levo 9 anamfufua hata aliyekufa siku kumi zilizopita kwa almasi ya 500, na levo hiyo hiyo anaweza kumuuliza mungu wake maswali matatu ya ndio au hapana, na mchawi anaweza kumchungulia mtu akiwa bara lingine. Levo 13 mnahama kwa teleporti. Levo 17 mchawi anapata ile speli, yani uchawi, ya kutamani kitu kikawa, ambayo hata mwandishi wa kanuni alishika kichwa akaamua kuweka onyo kwamba ukitamani makubwa DM anaweza kuigeuza atakavyo.

Sasa we jaribu kuendesha hadithi ya upelelezi hapo. Mfalme ameuawa, washukiwa watano, umeandaa ushahidi wa uongo, umeandaa kisu kilichofichwa chini ya zulia. Kuhani anapiga goti anauliza, "Ni waziri?" Ndio. Tuendelee.

Mbele ya hilo DM ana njia mbili na karibu wote tunaanza na ile mbaya, ambayo ni kurudisha kufuli. Teleporti haifanyi kazi hapa. Mungu wako hasikii leo. Waliokufa hawafufuki kwa sababu ya laana fulani. Mara moja kwenye kampeni inaweza kuwa tamu, hasa kama laana yenyewe ndo hadithi na wachezaji wanaijua tangu mwanzo. Lakini ikiwa kila pango na kila ngome imepakwa dawa ya kuzuia uchawi ujue unawalipa mshahara kwa mkono wa kulia na kuuchukua kwa wa kushoto. Mchezaji amekaa mwaka mzima anangoja levo 13, imefika, unamwambia hiyo hapa haitumiki.

Watu wakitetea njia hii wanapenda kutaja Tomb of Horrors ya Gary Gygax, wanasema mwenyewe muasisi aliwafanyia hivyo hivyo mabingwa wa levo za juu, mbona. Ni kweli, lile kaburi limejaa mitego isiyojali una levo ngapi, na ukijaribu kupita kwenye kuta kwa njia za roho mashetani yanakuja kukushukia. Lakini watu wanasahau lilitumika kwanza kwenye mashindano mwaka 1975, likachapishwa 1978. Mashindano! Unakaa masaa kadhaa, unakufa, unacheka, unaenda nyumbani, na mhusika wako hukumlea miaka miwili. Ukichukua kitu cha mashindano ukakipika kila wiki kwenye kampeni usishangae wageni wakiacha kuja.

Njia ya pili ni kubadili swali. Na hapa ndo nataka nikae kidogo, maana watu wanaongea kama vile ni ugunduzi mpya wakati gemu ya zamani ilikuwa inajua hili vizuri kuliko sisi.

D&D ilipotoka 1974 mpiganaji akifika levo 9 alikuwa anaitwa Lord, na akijenga ngome yake anakuwa mtawala wa eneo. Kwenye AD&D, toleo lililofuata lenye kanuni zaidi, kitabu cha wachezaji cha 1978, ikakaa vizuri zaidi, mpiganaji levo 9 akisafisha eneo na kujenga ngome anavuta kikosi cha askari kinachokuja kumtumikia. Mwizi levo 10 anafungua makao yake na wezi wengine wanakuja chini yake. Na druidi, wale makuhani wa msituni, ndo walikuwa na kituko kabisa, ikifika levo 12 dunia ina nafasi tisa tu, levo 13 nafasi tatu, levo 14 nafasi moja, kwa hiyo ili upande inabidi umtafute aliyekalia kiti umpige umtoe, na we ukishakikalia ujue kuna mtu kijijini huko anafanya mazoezi kwa ajili yako. Baadae lile toleo la maboksi ya rangi la Frank Mentzer likaenda mbali zaidi, boksi la mwaka 1984 linaanza levo 15 na ndani yake kuna kanuni za kutawala himaya, kodi, wananchi kukukasirikia, na namna ya kupigana vita vya majeshi bila kurusha dadu kwa kila askari. Levo zikaenda hadi 36, na 1986 likaja boksi la mwisho ambalo mhusika anaacha kuwa binadamu kabisa.

Unaona kilichofanyika? Wale wazee hawakuchukua gemu ya kuingia mapangoni wakaipa namba kubwa. Walisema ukifika hapa hii gemu imeisha, karibu kwenye gemu nyingine. Unatoka kwenye kuuliza kama utapona unaingia kwenye kuuliza utawafanya nini hawa watu elfu mbili waliojenga vibanda chini ya ukuta wako.

Mwaka 2000 toleo la tatu likatoka na hiyo kitu ikawekwa pembeni. Levo zikaenda hadi 20 kwa mstari mmoja ulionyooka, ngome ikawa hiari, wafuasi wakawa uwezo wa kuchagua ambao hata mchawi anaweza kuuchukua. Naelewa kwanini. Watu wengi walikuwa hawajengi ngome, walikuwa wanaruka hizo kurasa wanaendelea na mapango, na ukweli usemwe kutawala himaya kwa kanuni za 1984 saa ingine ilikuwa ni kufanya hesabu za ofisi kwa burudani, sijui idadi ya familia, sijui mapato ya kila mwezi, na wachezaji wanne wenye ngome nne mbalimbali hawana sababu ya kuwa pamoja tena. Sio kwamba nataka turudi huko mzima mzima.

Ila kuna kitu kilipotea hapo ambacho sijaona watu wanakisema sana. Ngome na jeshi ndo ilikuwa speli ya mpiganaji.

Fikiria. Kila siku tunalia kwamba mchawi anapanda kama roketi na mpiganaji anapanda kama ngazi, mchawi akifika levo 17 anabadilisha ukweli wa dunia na mpiganaji anapiga panga mara tatu badala ya mbili. Tunatafuta dawa kwenye panga, tumwongezee dameji, yani ukali wa pigo, tumpe mapigo zaidi. Lakini tofauti yao kubwa haiko kwenye dameji, mpiganaji wa levo 20 anapiga mara nne kwa zamu moja na akijisukuma mara nane, joka analilaza chini vizuri tu. Tofauti ni kwamba mchawi anaweza kubadilisha hali ya hadithi bila kumuomba DM, na mpiganaji hawezi. Mchawi anasema nateleporti, imeandikwa, imetokea. Mpiganaji anasema natamani tungekuwa na watu kule bandarini, anaambiwa haya kaongee na mfalme, rusha dadu ya ushawishi, na ushawishi wake ni sifuri. Zamani alikuwa na watu. Imeandikwa kwenye kitabu, levo 9, wanakuja. Ulipoitoa ngome ukamwachia mchawi speli zake zote, ulimnyang'anya mmoja tu kati yao levo za juu.

Na sio jeshi tu. Kwenye AD&D mpiganaji wa levo 17 kwenda juu alikuwa anajiokoa na speli kwa kupata 6 au zaidi kwenye dadu ya 20, yani mara nyingi uchawi unamteleza kama maji. Njoo kwenye toleo la 2014. Mpiganaji levo 20, kilele cha kazi yake, hekima yake, ambayo ndo kinga dhidi ya woga, ya kawaida 10, anakutana na joka jekundu lile la kale. Joka linatisha, unatakiwa kufikisha 21 usiogope. Anarusha dadu, anapata 20, dadu imesimama kwenye 20 kabisa, meza nzima inapiga makofi. Ameogopa. Hana cha kujumlisha, na kwenye kujiokoa 20 haimaanishi umefaulu moja kwa moja. Uwezo wake maalum wa kurudia kurusha haumsaidii maana hata arudie mpaka asubuhi, 21 haipo kwenye dadu. Kama hana paladini, yule askari wa dini anayewakinga wenzake, wa kusimama karibu nae basi shujaa aliyewahi kuua mazimwi tangu ujana wake anasimama mbali na kurusha mishale kwa mkono unaotetemeka. Mi nimeliona hili mezani kwangu. Mchezaji aliniangalia kama nimemtukania ukoo.

Kuna mifumo imejaribu. Pathfinder, gemu ya ukoo huo huo, toleo lake la pili la 2019 hesabu zake zinasimama hadi levo 20 bila kuvunjika, mpiganaji wake ni balaa hadi mwisho, na teleporti wameipa alama ya kuwa sio ya kawaida, maana yake mchezaji haichukui bila DM kukubali. Hiyo naiheshimu kwa sababu angalau wanakwambia mapema, hawakuvizii jangwani. Na kuna wale walioamua kukata mzizi wa fitina, wanacheza ile staili inayoitwa E6 ambayo levo zinakomea 6, baada ya hapo unaongeza ujuzi mdogo mdogo tu. Wanasema sisi tunapenda umbali na kutojua na kifo, hatutaki kuvipoteza. Sawa kabisa. Hilo ni jibu la ukweli kuliko la kwetu la kupanda hadi 15 afu kujifanya bado ni 6.

Kuhusu muda wa pambano nitasema kifupi maana kila mtu ameshalisema. Mchawi wa levo 17 ana nafasi 19 za kutumia speli kwa siku na speli zaidi ya ishirini alizoziandaa, akifika zamu yake ndo anaanza kusoma. Suluhisho lipo na sio la ajabu, zamu yako ikifika uwe umeshaamua, dadu za dameji rusha pamoja na ya kupiga, na wewe DM acha kuweka mazimwi 14 madogo kila moja na zamu yake. Kinachoniudhi mi ni kitu kingine, ile kinga ya mabosi, yani maadui wakubwa, kwamba mara tatu kwa siku wakishindwa kujiokoa wanaamua tu wamefaulu. Naelewa ipo kwanini, bila hiyo bosi anageuzwa kobe kwenye raundi ya kwanza na kikao kimeisha. Lakini kwa mchezaji ni kodi. Raundi tatu za kwanza unatupa speli zako nzuri unajua hazitafanya kitu. Siku hizi mi bosi akiitumia lazima kitu kionekane kimevunjika. Joka linajinasua kwenye uchawi wako lakini bawa linapasuka, halitaruka tena leo. Lich, yule mchawi mfu, anajiokoa lakini moja ya zile taa zinazomlinda inazimika. Speli haikufanya ilichoandikwa ila haikupotea bure, na mpiganaji aliyekuwa anashindwa kulifikia joka angani sasa analo chini usawa wa panga. Wanaanza kupanga pamoja badala ya kila mtu kupiga zamu yake na kurudi kwenye simu.

Na kuanzia moja kwa moja levo 18 kwa kikao kimoja cha kujifurahisha, sikushauri labda na watu waliowahi kufika huko kwa miguu. Karatasi ya mchawi wa levo 18 kwa mtu mgeni ni kama kupewa ndege akiwa ameshaiona kwenye picha tu. Atatumia ile ile speli ya moto.

Turudi kwenye swali la kubadilisha. Kama umbali umekwisha, kutojua kumekwisha, na kifo kimekuwa gharama ya almasi, ni nini bado ni haba? Nilifikiria sana baada ya lile jangwa. Nikaona wanaweza kuwa popote ila hawawezi kuwa kila mahali. Hata awe mchawi wa namna gani mwili wake ni mmoja na speli kubwa za siku zinahesabika. Basi nikaacha kuwauliza kama watafika, nikaanza kuwauliza waende wapi. Inaonekana kitu kidogo ila maandalizi yangu yaligeuka yote. Sikuhitaji tena mapango. Nilihitaji watu ambao wachezaji wanawajali na mahali ambapo mikono yao imeshafanya kitu, na kwa bahati kampeni iliyofika levo 15 imejaa hivyo, una miaka miwili ya vijiji waliookoa na watu waliowaahidi vitu na kusahau. Fungua tu madaftari ya zamani.

Na mpiganaji nikampa ngome. Sikuificha kwenye dadu yoyote, nilimwambia umefika levo 15, watu wamesikia, wamekuja mia mbili na wanataka kukutumikia, wana njaa na hawana mabuti. Yule dada anayemchezea hakuwa amesema maneno mengi kwa miezi, siku hiyo alichukua karatasi mpya akaanza kuwapa majina makapteni. Na nilikuja kugundua kitu ambacho sikukipanga, kwamba kwenye dunia ambayo haba ni kuwa mahali, yeye ndo pekee mwenye mikono mahali ambapo hayupo. Babu Radi anaweza kwenda popote lakini ni lazima aende yeye. Mpiganaji anaandika barua.

Kikao cha mwisho niliweka mambo matatu usiku mmoja. Meli za adui zimeonekana nje ya bandari, ile bandari ambayo walianzia levo 1 wakiwa wanalinda magunia. Chini ya hekalu la kuhani kitu kinagonga kutoka ndani, na lile kaburi walilifunga wao wenyewe. Na kuna jeshi linatembea kuelekea ngome ya mpiganaji, litafika alfajiri. Babu Radi alikuwa ametumia nafasi yake ya speli ya levo 8 mchana kwa jambo la kipuuzi kabisa (speli nazo zina levo zake, sio zile za mhusika, na teleporti ni ya 7), amebaki na moja ya levo 7, teleporti moja. Hamna dawa ya kuzuia uchawi popote, hamna laana, nilimwambia chagua unakotaka utafika salama.

Walibishana saa nzima na nusu na sikurusha dadu hata moja. Mi nilikuwa nakunywa maji tu nawaangalia. Kuhani alitaka hekaluni, mwizi akasema bandari ndo nyumbani na mama yake mhusika yuko pale, mchawi anapiga hesabu za masaa kwenye pembe ya karatasi. Mpiganaji alikuwa kimya mpaka mwisho. Afu akasema anamwandikia kapteni wake, afungue mageti, achukue watu wote mia mbili wakimbie hekaluni, ni mwendo wa nusu usiku tu wakiacha mizigo. Na ngome? Akasema ngome ni mawe.

Basi wakaenda bandarini. Ilikuwa mbaya lakini waliishika. Kulipopambazuka wako juu ya gati wamelowa chumvi, Babu Radi akaniuliza kama bado ana nafasi ya levo 5 ya kuchungulia kule hekaluni, ajue wale mia mbili walifika au la.

Nikamwambia unayo. Unataka kuona?

Akamwangalia mpiganaji. Mpiganaji akaanza kukusanya dadu zake akizitia kwenye mfuko moja moja, akasema tuonane wiki ijayo.